Bakuli na Ukuta: Ufundi wa Mawe katika Magofu ya Kunduchi

Wengi waandikao juu ya magofu ya Kunduchi, upande wa Kinondoni kaskazini ya Dar es Salaam, husifu zaidi mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa makaburini. Sifa hizo si za uongo, lakini zimepita mahali pake. Bakuli lilinunuliwa, ukuta uliakwa. Atakaye kuujua ustadi wa watu wa pwani na autazame ukuta.

Msikiti wa Kunduchi huhesabiwa kuwa wa karne ya 15 au ya 16. Makaburi mengi ni ya baadaye, hasa karne ya 18. Fundi wa pwani alikuwa na mawe ya namna mbili. Jiwe gumu la nchi kavu alilitia katika kiini cha ukuta pamoja na chokaa. Tumbawe la baharini alilichonga lingali bichi na laini. Likikauka huwa gumu, likahifadhi pembe zake na nakshi. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Palipotakiwa kuvusha uzito pasipo mti, fundi alitumia tao, lile lile libebalo madaraja ya mawe.

Katika makaburi mengi ya pwani mabakuli yamekwisha kung'olewa, yakabaki matundu. Hasara hiyo ina mafunzo: tundu la mviringo lililokaa sawasawa ni kazi ya mwashi, wala si ya mfinyanzi wa Uchina.

Upungufu wetu ni wa lugha pia. Zamani watu walipambanua kujenga, yaani kwa miti, na kuaka, yaani kwa mawe na chokaa. Kutokana na kuaka tumepata mwashi, kama mpishi alivyotokana na kupika. Mwashi yungali hai kinywani mwetu, lakini kitenzi kilichomzaa wengi hawakijui tena. Tukisema tu kwamba Kunduchi "ilijengwa", twaifuta tofauti ambayo wenyewe waliijali.

Kwa hiyo haitoshi kupima kuta na kuhesabu mabakuli. Yafaa wataalamu wa lugha wawaendee waashi wa Lamu na Unguja waijuao bado kazi ya chokaa, wayaandike maneno yao pamoja na namna ya kazi, kwani saruji imekwisha kushika mahali pa chokaa karibu kila upande.