Mwana Kupona na Kusoma kwa Binti Zetu

Katika tungo za kale za pwani, Utenzi wa Mwana Kupona una sifa kubwa. Bibi huyu, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliutunga mwaka 1858, naye mgonjwa, ili amwachie binti yake wosia. Wako wazee wanaoutaja kuwa hoja: binti na afunzwe kumtii mume, shule ni ya wavulana. Hoja hiyo yataka kupimwa kwa utenzi wenyewe.

Ni kweli kwamba utenzi wakaza utii. Mke aambiwa asitoke nyumbani pasipo ruhusa, na radhi ya mume yahesabiwa pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama. Sisi Wakristo hatulazimiki kuyapokea yote, wala haifai kuyaficha. Lakini si hayo tu yaliyomo. Alice Werner na William Hichens walipouchapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1934, waliupa jina la mawaidha juu ya wajibu wa mke. Nasi twaona jina hilo laupunguza. Mama aanza na dini, adabu na ulimi wa kweli, tena yumo katika sala ndefu.

Liko jambo ambalo wazee hao hulipita. Mwanzoni mama amwita binti aje karibu na karatasi na wino. Karibu na mwisho awaagiza wanawake wausome utenzi na kuifahamu maana yake. Asiyejua kusoma aitimizeje amri hiyo? Basi utenzi unaoletwa kumzuia binti asiende shule ni kazi ya mwanamke msomi, nao waandikiwa wanawake wasomaji.

Alipataje nafasi ya elimu? Jibu limo humo humo, nalo ni chungu. Binti aonywa asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Katika nyumba za jinsi ile, maji na kuni vilikuwa kazi ya watumwa. Bibi alishika kalamu kwa kuwa mwanamke mwingine alibeba mtungi. Na huyo wa mtungi hatukuachiwa utungo wake. Tofauti yao haikuwa ya akili, ilikuwa ya nafasi.

Utumwa umekwisha, lakini mtungi umehamia kichwani pa binti zetu. Kaka arudipo shuleni hufungua daftari. Dada hushika ndoo, hupika, hubeba mdogo wao, na taa ikiwashwa usingizi umekwisha kumshika. Mtihani ukija, twasema wasichana hawana akili ya hesabu! Akipata mimba, mlango hufungwa. Hata nchini Tanzania ni mwaka 2021 ndipo serikali ilipotangaza kwamba walioacha shule kwa sababu ya kuzaa waruhusiwe kurudi.

Serikali yaweza kufungua mlango wa shule, lakini haitatuchotea maji. Hiyo ni kazi ya nyumba zetu: mvulana naye ashike ndoo, na msichana apate saa yake ya kusoma kabla ya giza. Mke mwema wa kitabu cha Mithali asifiwa kwa hekima ya kinywa chake na kwa kuchagua shamba na kulinunua. Enyi wazazi, mkimtajia binti Mwana Kupona, mpeni kwanza karatasi na wino.