Virusi Viwili Katika Jani Moja la Mahindi

Septemba 2011, huko Longisa, Bomet, mahindi yalianza kugeuka manjano, majani yakakauka kuanzia ukingoni, mengi yakafa kabla ya kubeba. Mashamba ya majani chai hayakuguswa, ila majani chai hayasongwi ugali.

Kipimo cha kawaida cha maabara, kile cha kingamwili, hujibu ulichouliza tu. Ukitafuta kirusi fulani utaambiwa kipo au hakipo. Kingine kikipita, hukioni. Kundi la Anne Wangai wa KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, lilikitumia hicho na kubaini MCMV, kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuripotiwa Kenya, pamoja na SCMV cha miwa, mkazi wa siku nyingi. Vikikutana ndani ya mmea mmoja, huleta ugonjwa wa MLN unaoua mahindi, uliojulikana kwanza Kansas, Marekani, mwaka 1976.

Kisha, kwa kushirikiana na maabara ya Fera nchini Uingereza, swali likageuzwa. Badala ya kuuliza "yupo fulani?", waliuliza "mna nani humu?" RNA (molekuli inayobeba taarifa za urithi) iliyotolewa kwenye jani, ya mmea na ya wageni wake, ilisomwa vipande vipande bila kubagua. Kompyuta ikaunganisha vipande vilivyolaliana na kuvilinganisha na mifuatano ya herufi za kijenetiki iliyohifadhiwa GenBank, hazina ya umma ya data hizo. Jenomu ya MCMV ina herufi kama 4,400 na ya SCMV kama 9,600, ilhali ya mahindi hupita bilioni mbili. Lakini katika jani gonjwa nakala za virusi hujaa tele, ndiyo maana havikuzama.

Matokeo yalichapishwa 2013. MCMV cha Bomet kilikuwa na undugu wa karibu zaidi na cha Yunnan, China, kuliko cha Marekani. Mwenye haraka atasema basi kililetwa kutoka China. Taratibu! Undugu huo hupimwa kwa walioandikishwa tu; nchi isiyosoma virusi vyake haimo kwenye daftari. Chenye uzito zaidi kwangu ni kwamba sampuli za baadaye kutoka nchi jirani zilifanana na za Kenya kwa zaidi ya asilimia 99. Kirusi kilichokaa miaka mingi kingekuwa kimeshaachana na ndugu zake; hiki kinaelekea kuwa kiliingia karibuni, kikasambaa upesi.

Mfuatano hauonyeshi kama kilibebwa na mbegu au na wadudu wadogo waitwao thiripi. Ila uliwapa wataalamu herufi kamili za kuundia kipimo cha PCR, kinachotafuta kipande kifupi tu cha kirusi, na hicho hakihitaji kusoma jenomu nzima kila shehena ya mbegu inapokaguliwa.