Duara na Nguzo: Herufi za Bauhaus na Irabu za Kiswahili

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuichunguza lugha katika matamshi na katika kurasa za vitabu. Kibao cha dukani wamekiachia mchoraji. Hata hivyo, katika mji kama Bukavu, ambako shughuli za ofisini huandikwa zaidi kwa Kifaransa, kibao cha mtaani ni mojawapo ya mahali pachache ambapo Kiswahili husomwa hadharani. Kwa hiyo sura ya herufi zake si suala la pambo peke yake. Makala hii inakusudia kuihakiki aina moja ya herufi zitumiwazo katika matangazo na vichwa vya habari, yaani herufi nene za kijiometri za mtindo wa Bauhaus, ambazo humpa mtazamaji hisia ya wakati ujao.

Asili yake ni Ujerumani. Skuli ya sanaa ya Bauhaus ilianzishwa Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau mwaka 1925, ikafungwa mwaka 1933. Mwaka huo wa 1925 mwalimu wake Herbert Bayer alibuni alfabeti ya bikari na rula. Kila herufi ilijengwa kwa vipande vya duara na mistari iliyonyooka, na herufi kubwa zikafutwa, kwa hoja kwamba mtu anaposema hatamki herufi kubwa. Miaka 50 baadaye, mwaka 1975, Ed Benguiat na Victor Caruso waliufuata mfano huo katika kuunda ITC Bauhaus. Chapa nene ya mtindo huohuo, Bauhaus 93, imesambazwa pamoja na programu za Microsoft, ikafika katika vyumba vya kompyuta bila mtu kuuliza iliundwa kwa ajili ya lugha gani.

Uzuri wa herufi hizi hauna ubishi. Ni chache katika maumbo, zina umoja, na huonekana kutoka mbali. Lakini umoja huo una gharama. Herufi o ni duara. Herufi a, iliyovuliwa kichwa kilichopinda cha a ya vitabuni, ni duara lenye nguzo upande wa kuume. Chapa inaponenepa, nguzo hiyo humezwa na unene wa duara, na tofauti baina ya herufi mbili hubaki ndogo sana.

Katika Kijerumani au Kifaransa, konsonanti nyingi huizunguka irabu na kuliokoa neno. Katika Kiswahili silabi nyingi huishia kwa irabu, na a ndiyo irabu inayojitokeza zaidi. Tena, sarufi yenyewe imeegemea tofauti hiyo. A-unganifu na o-rejeshi hutenganishwa na irabu tu: cha na cho, la na lo, ya na yo, za na zo. Vivyo hivyo hapa na hapo. Katika msamiati, chama hupakana na choma, makaa hupakana na makoo.

Huenda ikasemwa kwamba muktadha humsaidia msomaji. Ni kweli kwa ukurasa wa kitabu, ambako sentensi nzima hulibeba neno. Lakini herufi za aina hii hazikukusudiwa ukurasa. Zilikusudiwa kibao, na kibao kina maneno mawili au matatu. Yaani hutumika pale hasa ambapo muktadha ni haba. Na anayeumia si mhadhiri, ambaye hulitambua neno mara moja, bali ni mtu mzima aliyejifunza kusoma juzi, anayeliunganisha neno silabi kwa silabi. Huyo ndiye msomaji ambaye kibao cha Kiswahili kinadai kumhudumia.

Herufi kubwa nazo hazijasalimika. Nembo ya NASA ya mwaka 1975, iliyoachwa mwaka 1992 na kurejeshwa mwaka 2020, iliiondolea A mstari wake wa katikati, na mtindo huo umeigwa kila panapotakiwa sura ya anga za juu. Jina la herufi nne linalojulikana dunia nzima laweza kuvumilia upungufu huo. Neno MAZIWA likiandikwa hivyo, M na W zikiwa kando, hugeuka safu ya pembe tupu.

Isidhaniwe kwamba jiometri ni ngeni kwa maandishi ya eneo hili. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107. Katika Kongo yenyewe, kuanzia mwaka 1978, Wabeladio Payi aliunda mwandiko wa Mandombe kutokana na maumbo ya matofali ya ukuta, yanayofanana na tarakimu 5 na 2. Katika Mandombe umbo likigeuzwa, sauti nayo hubadilika; jiometri imepewa kazi ya lugha. Katika Bauhaus maumbo hufananishwa ili jicho lipendezwe, sauti zikitaka zisitake.

Historia ya hati za Kiswahili inafundisha jambo hilohilo. Hati ya Kiarabu ilikuwa na alama tatu za irabu kwa irabu tano, hivyo e na i, o na u zilishirikiana, na msomaji alilazimika kulijua neno kabla ya kulisoma. Hati ya Kilatini iliondoa tatizo hilo. Lingekuwa jambo la ajabu kulirudisha kwa jina la usasa.

Bayer alidai kwamba maandishi yaifuate sauti. Kwa kipimo chake mwenyewe, a, irabu ya chini, na o, irabu ya nyuma itamkwayo kwa kuviringa midomo, zilistahili maumbo yaliyo mbalimbali. Hapana haja ya kuzipiga marufuku herufi hizi. Jina moja kubwa juu ya duka laweza kuzibeba, na mchoraji mwenye brashi anao uhuru ambao kompyuta haina: kuirefusha nguzo ya a kidogo kupita duara. Lakini tangazo la dawa, la chanjo au la uchaguzi linahitaji a iliyo a.