Mcheza Kwao Hakutunzwa

Nimeutazama tena mkanda wa Super Bowl ya msimu wa 1985 kule New Orleans, na tena nimeusimamisha pale pale. Robo ya tatu inaelekea ukingoni, ubao unasoma 37 kwa 3, Bears wa Chicago wako yadi moja tu kutoka endizoni ya Patriots, na kocha wao Mike Ditka anamwingiza William Perry. Mnajua kilichofuata. Perry anakabidhiwa mpira, lainibeka Larry McGrew anajitokeza njiani na kubebwa mzobemzobe, 44 kwa 3, uwanja mzima unaangua kicheko. Mimi sikucheka siku ile na sicheki leo. Kocha aliyekwisha kushinda mechi, asiyehitaji tena hata pointi moja, alikuwa na yadi moja ya kugawa kama zawadi, akampa mgeni.

Maana mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale. Walter Payton aliingia Chicago mwaka 1975, timu ikiwa mfupa usio na nyama, na msimu wake wa kwanza ukaisha kwa ushindi wa mechi nne na vipigo kumi. Aliibeba mgongoni miaka ambayo hakuna aliyekuwa akiitazama. Novemba 1977 aliamka na mafua makali, akaenda kuwakimbizia Vikings yadi 275, rekodi ya ligi kwa siku hizo. Oktoba 1984 akampita Jim Brown kwa jumla ya yadi za maisha. Na katika msimu huu wenyewe wa 1985 tunaousifia, akiwa na miaka thelathini na mmoja, alikimbia yadi 1,551 na kupiga mechi tisa mfululizo za yadi mia na zaidi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao misimu kumi na moja, akasubiri fainali moja, na siku ya kutunzwa ilipofika noti zikabandikwa kwenye paji la uso la mwingine.

Najua nitaambiwa nalia kwa hisia, kwa hiyo tuje kwenye ufundi. Rudini kwenye ile Jumatatu usiku ya Oktoba 21 dhidi ya Packers pale Soldier Field. Perry anasimama kama fulubeki, Payton nyuma yake. Mpira unapigwa, Perry anamwendea George Cumby na kumwondoa uwanjani kama mtu anayesogeza kiti, Payton anapita kwenye mlango ulioachwa wazi. Tachidauni. Baadaye mara ya pili, Perry mbele, Payton nyuma, tachidauni. Katikati ya hizo mbili Perry akapewa ya kwake, na nchi nzima ikakumbuka hiyo tu. Lakini ufundi wa usiku ule ulikuwa ule mlango. Unamweka mtu wa kilo zaidi ya 135 mbele ya mkimbiaji ambaye, hata bila mlango, alikuwa na desturi ya kuruka juu ya rundo la watu na kutua upande wa pili. Mlinzi afanye nini? Akiinama kumzuia Perry, Payton yuko hewani. Akisimama kumsubiri Payton, Perry yuko kifuani mwake.

Mchoro huo ulikuwa kwenye daftari tangu Oktoba, ulishajaribiwa, ulishafunga mara mbili. Pale New Orleans hakuna kilichohitaji kubuniwa. Watu walewale, mahali palepale, badilisha tu mkono unaopokea mpira. Zaidi ya hapo, kumpa Perry mpira ni kumwondoa mzuiaji wako bora wa yadi moja kwenye kazi ya kuzuia. Kwa hiyo hata ukiniambia nisahau heshima na nitazame ufundi tu, huo ulikuwa mchoro wa pili kwa ubora. Kwamba ulifanikiwa hakunitishi. Dhidi ya Patriots wa jioni ile, hata mbeba maji angefunga.

Watetezi wa Ditka wana hoja moja ya maana, nami siifichi. Patriots walikuja na mpango mmoja tu unaoeleweka: Payton asipite. Walimfuata kila alikokwenda, na ndiyo maana alikimbia mara 22 kwa yadi 61 tu, chini ya tatu kwa kila mbio. Macho yalipokuwa kwake, Matt Suhey akapenya kwa yadi 11, Willie Gault akaachwa peke yake kwa pasi ya yadi 60, na Jim McMahon akaingia na mpira mwenyewe mara mbili. Chambo kilifanya kazi, samaki wakajaa ndoo. Nakubali, tena nasema hiyo ndiyo kazi ya Payton ambayo takwimu hazijui kuandika. Lakini chambo ni cha wakati wa kuvua. Ubao ukisoma 37 kwa 3, unamvutia nani tena, na kwa faida gani?

Wengine hunikumbusha ule mpira aliouangusha kwenye mchoro wa pili wa mechi, Patriots wakauokota yadi 19 kutoka goli la Bears na kupata teke la pointi tatu. Sawa. McMahon mwenyewe alisema kosa lilikuwa lake, aliita mpangilio usiofaa. Na tangu lini mtu wa misimu kumi na moja akahukumiwa kwa mpira mmoja?

Hoja iliyobaki ni ya Ditka mwenyewe, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Amekiri hadharani, na si mara moja, kwamba hakufikiria kumpa Payton tachidauni mpaka mechi ilipokwisha, na kwamba analijutia. Namshukuru kwa ukweli. Lakini hebu pimeni: alikumbuka kumwingiza Perry. Alikumbuka hata kumpa Perry nafasi ya kutupa pasi, ndiyo, pasi, katika robo ya kwanza, Bears wakiwa nyuma 3 kwa 0 na karibu na endizoni! Perry akaduwaa na mpira mkononi, akaangushwa na hasara ya yadi moja, na Kevin Butler akatumwa kuokoa pointi tatu kwa mguu. Mwenye kumbukumbu ya kuchora kichekesho namna hiyo hawezi kuniambia alimsahau Payton, namba 34.

Na hapa mtanivumilia, maana ni ugonjwa wangu wa zamani. Mimi sipendi mbwembwe. Hii ya Perry ilizaliwa kwa kisasi: Januari 1985 San Francisco 49ers waliwafunga Bears 23 kwa 0 na wakawadhihaki kwa kumweka mtu wa laini, Guy McIntyre, nafasi ya fulubeki. Ditka akala kiapo kimyakimya, na Oktoba iliyofuata, akiwa anawashinda 49ers 26 kwa 10, akamwingiza Perry na kumkabidhi mpira. Kisasi kimelipwa, ingetosha. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yakaja matangazo ya biashara, ikaja ile rekodi ya wimbo, jina lake la utani, Jokofu, likawa kubwa kuliko timu, na hesabu ya msimu mzima kabla ya mtoano ni tachidauni mbili za kukimbia na moja ya kudaka. Kijana mwenyewe simlaumu. Alikuwa katika mwaka wake wa kwanza, alitukanwa na kocha wa ulinzi Buddy Ryan kwamba ni chaguo lililopotezwa bure, akajibu kwa kazi nzuri kwenye laini ya ulinzi. Alitumwa, akaenda.

Kuhusu huo ulinzi, mfumo wa 46 wa Ryan uliruhusu pointi 198 katika mechi 16, ukawanyima Giants na Rams hata pointi moja kwenye mtoano, na fainali ukawaachia Patriots yadi saba za kukimbia. Richard Dent alistahili tuzo yake ya mchezaji bora wa fainali, basi.

Isipokuwa Miami. Siwezi kuipita Miami. Desemba 2, mechi pekee waliyopoteza, 38 kwa 24, na hiyo nayo ilikuwa ukaidi wa benchi. Dan Marino alimweka Nat Moore mbele ya malainibeka usiku kucha, na Ryan akakataa kuingiza beki wa ziada mpaka mapumziko yalipofika 31 kwa 10 na yeye na Ditka wakakaribia kushikana mashati. Makocha wawili wasiosemezana, timu moja. Dolphins wa Miami wa 1972 wakabaki peke yao kileleni bila doa, na hawajaacha kutukumbusha.

Ukitaka kujua kocha mkubwa hufanya nini akiwa na mechi mkononi, mtazame Vince Lombardi Januari 1967 kule Los Angeles, fainali ya kwanza kabisa. Packers wanaelekea kuwashinda Chiefs 35 kwa 10, na mtu mmoja tu wa Green Bay hajagusa uwanja: Paul Hornung, mkongwe wake, shingo inamuuma. Lombardi, yule mkali ambaye wachezaji walimwogopa kuliko wapinzani, akamwendea kumuuliza kama angependa kuingia. Hornung akasema hapana. Lakini aliulizwa. Msiniambie kwamba kocha mwenye hasira hawezi kuwa na kumbukumbu. Na Ditka alikuwa na shule nzuri: alikuwa kwenye kikosi cha George Halas kilichochukua taji la 1963, la mwisho la Bears kabla ya hili, na ni mzee Halas huyohuyo aliyemkabidhi timu mwaka 1982.

Kwenye mtoano mzima wa msimu ule Bears walifunga pointi 91. Walifunga McMahon, Suhey, Gault, Dennis McKinnon. Walifunga walinzi: Wilber Marshall, Reggie Phillips, hata Shaun Gayle aliyeokota mpira uliopigwa ovyo kwa upepo. Butler alifunga kwa mguu, Henry Waechter akaleta pointi mbili za sefti. Perry alifunga. Payton, hakuna.

Wakati huo wengi walisema si neno, timu hii itarudi fainali mwakani. Mwakani walishinda mechi 14 na kupoteza mbili, wakatolewa nyumbani na Washington kwenye mechi yao ya kwanza ya mtoano. Mwaka uliofuata, Januari 10, 1988, Washington tena, Soldier Field tena, baridi ya kukata masikio. Darrell Green amerudisha mpira wa teke mpaka endizoni, Bears wako nyuma 21 kwa 17, muda unayoyoma. Dauni ya nne, zinahitajika yadi nane. McMahon anampa Payton pasi fupi pembeni, anakimbia kwa miguu ile ya miaka kumi na mitatu, anasukumwa nje ya mstari. Wanapima. Amepata saba.