Kitasa Kinachoua Vijidudu na Namna ya Kukikagua

Chuma cha pua kikimeta kwenye mlango wa wodi, wengi hukiona kisafi. Mwaka 1983 Phyllis Kuhn, mtafiti wa hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, alionyesha kwamba bakteria hustahimili juu ya chuma hicho, ilhali kwenye shaba ya manjano hufa upesi. Mng'aro, kumbe, si kipimo.

Shaba huua kwa ayoni zake, ambazo huharibu utando wa bakteria, kwa hiyo lazima metali yenyewe ikutane na kile mkono ulichoacha. Ndiyo maana EPA, shirika la hifadhi ya mazingira la Marekani, liliposajili aloi za shaba mwaka 2008 lilikataza zisipakwe rangi, nta wala vanishi. Hapo ndipo kitasa kizuri kwa macho huanguka: shaba ni halisi, lakini imefunikwa vanishi ili ibaki njano, na mnunuzi amelipia rangi tu. Kitasa bora huachwa wazi. Hufifia na kuingia weusi, na weusi huo haupunguzi nguvu yake.

Kujua kama kitasa ni shaba hadi ndani, kiguse kwa sumaku. Ikinasa, ndani mna chuma kilichochovywa, na shaba ya juu italika kwanza pale panaposhikwa zaidi. Isiponasa, kazi haijaisha, maana zinki na alumini nazo hazinaswi. Kukipima uzito kwa mkono husaidia: shaba ya manjano ina takriban gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini 2.7.

Vitasa vingine havitegemei shaba bali upako wa ayoni za fedha. Pako hizi zinahitaji jicho kali zaidi, kwa kuwa ubora wake hauonekani. Husomwa kwenye cheti. Dai la kuua "asilimia 99.9" ya bakteria bila kutaja muda na mazingira halina maana. Kipimo cha kimataifa cha ISO 22196 huweka bakteria katika majimaji yaliyofunikwa, kwenye nyuzi 35 na unyevu usiopungua asilimia 90, kwa saa 24. Mlango wa zahanati haukai hivyo: mkono hugusa, majimaji hukauka, mkono mwingine hufuata. Aloi za shaba zilijaribiwa kwa saa 2, zikasuguliwa, zikachafuliwa tena na tena bila kusafishwa. Muuzaji wa upako aulizwe matokeo ya hali kavu, na yale ya baada ya kusuguliwa kwa klorini.

Kitasa kinachofaulu yote haya bado hufutwa kila siku. Usajili wenyewe wa EPA unaitaja shaba kuwa nyongeza ya usafishaji wa kawaida, si mbadala wake.