Noti Huishia Wapi? Uhakiki wa Urefu wa Sauti katika Programu ya MuseScore

Sehemu hii inahakiki jambo ambalo mwandishi wa muziki hulitambua pale tu anapoiamuru kompyuta ipige alichokiandika: noti iliyo kwenye karatasi na sauti itokayo kwenye spika hazina urefu mmoja. Karatasi hueleza noti inaanza lini na inayofuata inaanza lini. Kuhusu mahali hasa sauti inapokoma, aghalabu karatasi hunyamaza, na mpigaji huamua kwa mazoea aliyofundishwa. Kompyuta haina mazoea. Sharti ipewe namba.

Katika toleo la tatu la MuseScore, namba hizo zimo katika faili linaloorodhesha ala. Kwa kawaida noti isiyo na alama hupewa asilimia 95 ya thamani yake, yenye nukta ya stakato asilimia 50, na yenye kistari cha tenuto asilimia 100. Hesabu hizi huonekana kuwa za mafundi tu. Kwa maoni yangu, ni msimamo kuhusu namna muziki unavyopaswa kupigwa, tena msimamo usio na mwenyewe.

Carl Philipp Emanuel Bach, mwana wa Johann Sebastian, alielekeza katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa kinanda kwamba noti isiyokatwa, isiyounganishwa wala kushikiliwa ipigwe kwa nusu ya thamani yake. Daniel Gottlob Türk, mwaka 1789, hakuridhika na nusu hiyo. Kwake ilitosha kidole kiinuliwe mapema kidogo. Asilimia 95 humwelekea Türk. Basi mwanafunzi anayenakili sonata ya Bach huyu katika programu na kuisikiliza hufundishwa, bila kuambiwa, kumpinga mtunzi.

Aliyeikabili kompyuta kabla haijazaliwa ni Joseph Engramelle, mtawa Mfaransa. Kitabu chake cha mwaka 1775, La Tonotechnie, kinaeleza jinsi ya kupigilia pini kwenye mapipa ya ala zinazojipiga zenyewe. Hapo hapakuwa na mpigaji wa kuamua chochote: urefu wa pini ulikuwa ndio urefu wa sauti. Kwa hiyo Engramelle aligawa kila noti sehemu mbili, sauti na kimya, akatofautisha noti za kushikiliwa na zile za kuguswa tu. Kimya kwake kilikuwa sehemu ya noti, si mabaki.

Katika asilimia, kimya ni mabaki. Mwendo ukiwa mapigo 60 kwa dakika, noti ya pigo moja huachiwa kimya cha sekunde 0.05, na ya mapigo manne sekunde 0.2. Pumzi ya mwimbaji haifuati uwiano huo. Haikui kwa sababu noti ni ndefu. Huja pale sentensi ya wimbo inapokwisha, hata kama noti ya hapo ni fupi.

Athari yake niliishuhudia katika kwaya niliyoifundisha. Wanakwaya wasiosoma noti walijifunza sauti zao kwa mafaili niliyoyatoa kwenye programu na kuwatumia kwa simu. Mstari mmoja uliishia kwa noti ya mapigo manne. Besi waliishikilia kama walivyoisikia, kisha wakauanza mstari wa pili wakiwa wamechelewa, kwa kuwa mwalimu wao wa kwenye simu hakuwahi kuvuta pumzi. Kosa lilikuwa langu: nilituma faili bila kulihariri.

Dawa ilikuwapo. Toleo la tatu lina dirisha ambamo kila noti huonekana kama ufito uliolazwa mbele ya picha ya kinanda, na urefu wa ufito hubadilishwa kwa vipimo vya sehemu 1000. Niliishusha noti ile hadi 750. Sauti ikakoma baada ya pigo la tatu, na karatasi ikabaki kama mtunzi alivyoiandika. Huo ndio ubora wa chombo hicho: hutenganisha kilichoandikwa na kinachosikika, kama Engramelle alivyofanya kwenye mapipa.

Toleo la nne lilipotolewa, Desemba 2022, halikuwa na dirisha hilo. Sauti zake za ala zilisifiwa, na kwa haki. Lakini mwalimu wa kwaya aliyehitaji pumzi moja ya besi alijikuta akishawishika kuandika noti ya mapigo matatu na pumziko la pigo moja, yaani kubadilisha kazi ya mtunzi ili mashine ipige sawasawa.