"Wakati Uliopita Muda Mfupi": Istilahi Inayopotosha

Miongoni mwa istilahi zinazotumika kuelezea sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili, imo moja ambayo hatuna budi kuipinga. Umbo la kitenzi linaloundwa kwa 'have' au 'has' huitwa 'wakati uliopita muda mfupi', na umbo kama 'saw' au 'wrote' likaachiwa muda mrefu. Mgawanyo huu hupima urefu wa muda, hali Kiingereza hakipimi hivyo.

Tutazame mifano. Aliyemwona mwenzake dakika 5 zilizopita husema 'I saw him five minutes ago'; hawezi kusema 'have seen', ijapokuwa muda ni mfupi mno. Kinyume chake, Piramidi Kuu ya Misri, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, husemwa 'has stood', kwa kuwa ingali imesimama. Kadhalika, Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, 'wrote' vitabu, lakini mwandishi aliye hai bado 'has written'. Kinachotenganisha maumbo haya, basi, ni uhusiano wa tendo na sasa, wala si umbali wake.

Chanzo cha kosa ni kudhani kuwa '-me-' yetu na 'have' ni mapacha. 'Amelala' kwetu ni mtu aliye usingizini, ambaye Mwingereza humwambia 'is asleep'. Tena 'amefika jana' husikika katika mazungumzo yetu, lakini Kiingereza hakikubali 'has' pamoja na jana.

Madhara hayaishii darasani. Shahidi akisema mahakamani, 'Moto ulipozuka, mlinzi alikuwa ameondoka', tafsiri yake ni 'had left'. Mfasiri akiandika 'left', mlinzi ataonekana kuwa alikuwapo moto ulipozuka, ndipo akaondoka. Neno moja laweza kumtia mtu hatiani.

Kwa maoni yetu, yafaa kutenganisha wakati na hali. 'Saw' iitwe 'wakati uliopita'. 'Have seen' iitwe 'wakati uliopo, hali timilifu'. Na 'had seen' iitwe 'wakati uliopita, hali timilifu'. Majina haya ni marefu kidogo, lakini kila neno lina kazi yake. Istilahi fupi inayompotosha mwanafunzi haina faida, hata ikiwa imezoeleka.